Kusimama Chini ya Mzigo

Kabla msichana wa Bunia hajatembea na maji kichwani, husimama nayo. Mama au shangazi husokota kikwembe cha zamani kikawa ngata, akaiweka utosini mwa mtoto, juu yake akaweka kopo au bidoni ndogo isiyojaa, kisha akarudi nyuma hatua moja. "Simama kwanza," humwambia. "Usiangalie chini." Mtoto huinua mikono upesi ili ashike; mikono hushushwa. Kopo hutikisika. Magoti yaliyokuwa yamekakamaa hulegea kidogo, tumbo hujikusanya, kidevu hurudi ndani, shingo hunyooka, na pumzi aliyokuwa ameizuia hutoka. Hapo ndipo anapoambiwa aende.

Kwa kuwa jambo hili hufanyika uani, kati ya kufagia na kuosha vyombo, wengi hawalioni kuwa ni mafunzo. Mimi nalihesabu miongoni mwa mila za Ituri, jimbo letu la mashariki mwa Kongo, pamoja na ngoma za Waaluri na mahari ya ng'ombe ya Wahema. Lina walimu wake, lina hatua zake na masahihisho yake, na jamii nzima inajua kumtambua aliyehitimu. Mtu akiuliza watu wa jimbo letu wameupa ulimwengu elimu gani ya mwili, ningemwonyesha kwanza wanawake wanaopanda kilima cha Mudzipela na lita 20 za maji juu ya vichwa vyao, wakiongea.

Huko China wako watu wanaotumia miaka mingi kujifunza jambo hilo hilo la kusimama. Katika sanaa za mapigano ambazo Wachina huziita za ndani, yaani taijiquan, xingyiquan na baguazhang, kuna zoezi linaloitwa zhan zhuang, kusimama kama nguzo. Mwanafunzi huweka miguu sambamba, hulegeza magoti, huzungusha mikono mbele ya kifua kana kwamba amekumbatia kitu kikubwa cha mviringo, halafu anabaki hapo. Hapigi ngumi wala harushi teke. Wang Xiangzhai, aliyezaliwa mwaka 1885 katika jimbo la Hebei na kufa mwaka 1963, aliliona zoezi hili kuwa ndio msingi wa kila kitu, hata akaunda mtindo wake, yiquan, akiweka kando mifululizo mirefu ya miondoko ambayo walimu wengine waliithamini. Mwalimu wake alikuwa Guo Yunshen, bingwa wa xingyiquan, na katika mtindo huo wazee walikuwa na desturi ya kumsimamisha mwanafunzi kwa muda mrefu sana kabla ya kumfundisha pigo la kwanza.

Anayesimama hivyo hugundua vitu ambavyo mtu anayekimbia kimbia hapati nafasi ya kuvigundua. Anagundua kwamba bega moja limepanda kuliko jingine. Uzito wake umeegemea visigino, au upande wa nje wa mguu wa kulia. Mgongo wa chini umejikunja, na taya zimebanwa bila sababu. Hakuna anayemwambia yote haya. Maumivu madogo madogo humwambia, naye hulegeza hapa na kunyoosha pale mpaka mifupa ibebe kile ambacho misuli ilikuwa inakibeba kwa taabu. Agizo moja hurudiwa na kila mwalimu wa taijiquan: utosi uinuke, kana kwamba kichwa kimening'inizwa kutoka juu, huku mabega na viwiko vikizama chini. Mwanafunzi analazimika kuliwazia hilo, maana utosini mwake hakuna kitu.

Msichana wa Mudzipela hana haja ya kuwaza. Maji yapo, na yana uzito. Kidevu kikitangulia mbele, ngata huteleza. Mabega yakipanda, shingo huwa fupi na bidoni huyumba. Nyonga zikikaa upande, mguu mmoja huchoka kabla ya kufika barabarani. Sielewi kwa nini tukubali kwamba yule wa Beijing anafanya mazoezi ya kuujua mwili, halafu huyu wetu tuseme anateka maji tu.

Mwaka 1934 Mfaransa Marcel Mauss alitoa mhadhara uliokuja kujulikana sana kuhusu mbinu za mwili. Alidai kwamba kutembea, kuogelea, kuchuchumaa, hata kulala, si vitu vya maumbile matupu. Kila jamii huwafundisha watoto wake namna yake, na namna hiyo hupokewa kutoka kwa wale ambao mtoto anawaamini. Watu wa Ituri hawakuhitaji mhadhara ili walijue hilo. Huku kwetu mwendo wa binti husomwa. Akipita na beseni la ndizi, shingo imetulia na macho yako mbele, wazee waliokaa barazani husema huyu ana mama. Hawasemi ana nguvu. Wanasema ana mama, kwa sababu wanajua mwendo ule umetoka mahali fulani.

Kipindi cha kujifunza ni kirefu, na maji yenyewe ni mwalimu mkali. Bidoni iliyojaa pomoni ni rahisi kuliko iliyofika nusu, ingawa ni nzito zaidi, kwa sababu maji yaliyofika nusu hukimbilia upande mmoja kila hatua na kumvuta mbebaji. Mtoto asiyejua huomba apunguziwe, mama hupunguza, na mtoto hupata shida mpya. Kwenye beseni lililo wazi akina mama huweka majani machache juu ya maji ili yatulie. Binti hujifunza kukanyaga bila kupiga kisigino, kwa kuwa kisigino kikipigwa chini maji huruka. Hujifunza kugeuka kwa mwili mzima, kuanzia miguuni, badala ya kuzungusha kichwa. Akiitwa na mtu aliye nyuma yake, husimama, huhamisha uzito, huzunguka, ndipo hujibu. Akisalimiwa na mkubwa hawezi kuinama. Heshima yake inahamia kwenye sauti na kwenye macho yanayoshuka kidogo, na kila mkubwa wa Bunia hulielewa hilo na hupokea salamu hiyo bila kinyongo.

Halafu kuna kutwika na kutua, na hapa ndipo ninapoona uzuri wa desturi hii kuliko pengine pote. Bidoni ya lita 20 ina kilo 20 na zaidi kidogo. Mwanamke mzoefu anaweza kuipandisha peke yake, kwanza pajani, kisha kifuani, kisha kichwani, lakini ni kazi ya hatari kwa mgongo, na hatakiwi kuifanya kama kuna mtu karibu. Kisimani anayemaliza kujaza humgeukia aliye jirani. "Mama, nitwike." Yule huacha alichokuwa akikifanya. Wanashika kila mmoja upande wake, mbebaji huinama kwa magoti huku mgongo ukibaki wima, wanainua pamoja kwa pumzi moja, na yule msaidizi haondoi mkono mpaka ahisi kwamba mzigo umekaa. Atajuaje kwamba umekaa? Kwa kiganja. Anapokea kupitia plastiki ya bidoni habari za shingo ya mtu mwingine. Katika taijiquan kuna zoezi la watu wawili wanaogusana mikono na kusukumana polepole ili kila mmoja ajifunze kuuhisi mwili wa mwenzake. Nikilifikiria, huliona kisimani.

Ombi hilo hupelekwa kwa yeyote aliye karibu. Katika mji ambao vita vya mwaka 1999 hadi 2003 viliwafanya watu waulizane kabila kwenye vizuizi vya barabarani, si jambo dogo kwamba mwanamke anaweza kumwambia asiyemjua, "nitwike", na akatwikwa. Sidai kwamba kisima kiliponya yale yaliyotokea. Nasema tu kwamba desturi ya kutwikana ilikuwepo kabla ya vita, na bado ipo.

Si wote wanaobeba kichwani. Bunia ni mji wa njia panda. Kutoka upande wa Ziwa Albert, lililo chini ya mji kwa zaidi ya mita 600, huja samaki wa Kasenyi na Tchomia. Kutoka nyanda za juu za Djugu huja viazi na maharagwe. Kutoka kusini wamekuja wafanyabiashara Wanande wa Beni na Lubero, na upande wa magharibi, mbele ya Komanda, msitu unaanza. Wanawake wa Kinande, na vilevile wanawake wa msituni, Walese na Waefe na Wambuti, hubeba mgongoni, mzigo ukishikiliwa na ukanda unaopita juu kidogo ya paji la uso. Msimamo wao ni mwingine kabisa. Mwili huegemea mbele kutoka kwenye nyonga, shingo hukaza dhidi ya mvuto wa kamba, hatua huwa fupi, na mara nyingi mikono hupanda kushika ukanda kando ya masikio ili kuipumzisha shingo. Kichwa hakiwezi kuinuka kutazama mbali; macho husoma njia karibu na miguu. Kwa msitu wenye mizizi, mashina yaliyoanguka na matawi ya chini, namna hii ina akili kuliko ile ya kichwani, kwa kuwa beseni lingenaswa na kila tawi. Mahali penyewe pamechagua msimamo.

Msituni masomo huanza mapema zaidi, mtoto akiwa bado hajasimama. Watafiti waliokaa na Waefe wa Ituri waliandika mwaka 1987 kwamba mtoto mchanga wa jamii hiyo hashikwi na mama yake pekee. Hupokezanwa kati ya dada, shangazi, bibi na majirani wengi, na akifika umri wa miezi minne hivi hutumia zaidi ya nusu ya muda wake mikononi au migongoni mwa watu wengine. Huwa nafikiria mtoto huyo anajifunza nini. Mgongo wa bibi una mdundo wake, wa dada wa miaka minane una haraka, wa shangazi unainama shambani. Kila anapohamishwa analazimika kutafuta upya mizani yake, kukaza mapaja, kulegeza shingo, kulaza shavu. Akija kusimama kwa miguu yake, ameshafundishwa na migongo mingi.

Ukanda wa paji la uso si wetu peke yetu. Wapagazi wa Nepal hubeba vivyo hivyo katika milima ya Himalaya, na utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha wanaume wao wakipanda na mizigo inayokaribia uzito wa miili yao wenyewe. Wanajeshi wa Nepal wamewahi kukaa Ituri wakiwa na kofia za buluu za Umoja wa Mataifa. Naamini wako miongoni mwao waliomwona mama wa Kinande na kitunga chake wakawakumbuka mama zao.

Wanasayansi walichelewa kuja kuwatazama wanawake hawa, lakini walipokuja walishangaa. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima wanawake wa Kijaluo, ambao hubeba kichwani, na wa Kikikuyu, ambao hubeba kwa ukanda. Waliwatembeza kwenye mashine wakipima hewa wanayotumia. Mzigo ulipokuwa chini ya asilimia 20 ya uzito wa mwili, wanawake hao hawakutumia nguvu ya ziada yoyote. Walitembea kama watu wasiobeba kitu. Mwaka 1995 Norman Heglund na wenzake walieleza namna inavyowezekana. Kila mtu anapotembea, kiwiliwili hupanda na kushuka juu ya mguu uliokanyaga, na sehemu ya nguvu ya kushuka huokolewa kusukuma hatua inayofuata, nyingine ikipotea. Wanawake wale, wakibebeshwa, walipoteza kidogo kuliko walipokuwa mikono mitupu. Miili yao ilikuwa imejifunza kupokezana nguvu kati ya hatua na hatua kwa namna ambayo wageni waliopimwa hawakuijua.

Utafiti mwingine wa mwaka 2010 kuhusu wanawake Waxhosa wa Afrika Kusini haukuona nafuu hiyo. Ulikuta tofauti kubwa kati ya mtu na mtu, na malalamiko ya maumivu ya shingo. Mimi sioni kwamba tafiti hizi zinapingana. Kubeba ni ufundi, na ufundi haugawiwi sawa kwa kuwa tu mtu amezaliwa mwanamke barani Afrika. Yupo aliyefundishwa vizuri, yupo aliyebebeshwa kabla ya wakati wake, yupo aliyeanza ukubwani baada ya kukimbia kijiji chake. Ukisimama karibu na soko kuu la Bunia kwa nusu saa utawaona wote hao.

Wanaume nao walikuwa na elimu hii, ila kwao ilipitia mateso. Mwaka 1887 mpelelezi Henry Stanley alipanda mto Aruwimi, ambao huku juu tunauita Ituri, akafika Ziwa Albert mwezi wa Desemba. Wengi wa waliobeba shehena zake walikuwa watu walioandikishwa Unguja, na msituni walikufa kwa wingi kwa njaa na maradhi. Walipofika Ipoto waliwakuta watu wa Kilonga-Longa, wafanyabiashara wa pembe kutoka Manyema ambao tayari walikuwa wakizungumza Kiswahili. Lugha ninayoandikia makala hii iliingia Ituri kwa njia hiyo, ikiwa midomoni mwa watu wenye mizigo. Baadaye dhahabu ilipogunduliwa Kilo mwaka 1903, na uchimbaji kuanza miaka miwili baadaye, kulikuwa na vyakula na vyuma vya kupeleka migodini kabla ya barabara za magari kutengenezwa, na serikali ya kikoloni ililazimisha watu kubeba. Nadhani ndiyo maana wanaume wetu waliuacha mzigo wa kichwani mara tu baiskeli ilipopatikana. Kumbukumbu ya kulazimishwa ilikuwa imeshikana na kitendo chenyewe. Wanawake walibaki nao, kwa kuwa maji na kuni havikungoja.

Hapa lazima niseme wazi kinachotutofautisha na yule anayesimama kama nguzo katika bustani ya Beijing. Yeye alichagua. Akichoka hushusha mikono na kwenda kunywa chai. Binti wa Bunia hakuulizwa, na saa anazopanga foleni kisimani ni saa ambazo kaka yake huenda yuko darasani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi wanaume tumeusifu sana mwendo wa mama zetu bila kuwapokea bidoni. Tangu mauaji yalipoanza tena Djugu mwishoni mwa mwaka 2017, barabara za kuingia mjini zimewaona wanawake wakija na godoro kichwani, mtoto mgongoni, sufuria mkononi na mwingine mdogo akishika kikwembe. Aliyefundishwa kusimama vizuri alifika akiwa na uwezo wa kwenda kutafuta maji jioni ileile katika kambi ya Kigonze. Hilo nalisema kwa heshima, na pia kwa uchungu, maana hakuna mama aliyemfundisha binti yake akiwazia safari ile.

Maisha yanabadilika. Maji mengi sasa hupita kwa pikipiki, bidoni tano au sita zimefungwa kwa mpira nyuma ya dereva, na pembeni ya barabara vijana husukuma mikokoteni. Katika mitaa ambako bomba limefika, msichana wa miaka kumi anaweza kukua bila kusokota ngata hata mara moja. Nafurahi kwa ajili ya shingo yake na daftari zake. Wakati huohuo vijana wa mjini, waliokulia katika filamu za Bruce Lee na Jackie Chan, hufanya mazoezi ya sanaa za mapigano, na wale wanaopata mwalimu mvumilivu husimamishwa kwanza, magoti yamelegea, utosi umeinuka, mpaka mapaja yatetemeke. Taijiquan yenyewe iliingizwa mwaka 2020 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa tamaduni zisizoshikika, na China inastahili pongezi kwa kuulinda ujuzi wake kwa kuupa majina, walimu wanaotambulika na vitabu.

Ujuzi wa akina mama zetu haujapata hata jina. Ningependa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika shule moja ya Bunia, yoyote ile, amwalike mama muuza samaki aje asimame mbele ya darasa, wavulana wakiwa mstari wa mbele. Awaeleze ngata inakaa wapi na kwa nini si katikati kabisa ya utosi kwa kila mtu. Awaonyeshe namna ya kuinama bila kuvunja mgongo, namna ya kuhisi kwa kiganja kwamba mzigo wa mwenzako umekaa, na jinsi ya kutua, ambako ndiko wengi huumia, kwa sababu mtu aliyefika nyumbani huwa amekwisha kuacha kuusikiliza mwili wake. Alipwe kwa saa zake kama mwalimu mwingine yeyote. Kisha wavulana wasimame, kila mmoja na bidoni yake, waangaliwe magoti.